Mkiandika "panya wamepona", tuambieni ni panya gani

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya muda kurasa za afya za magazeti yetu huleta habari ya aina moja: wanasayansi wa Ulaya au Marekani wamepata kitu kinachomaliza saratani ya utumbo, na ushahidi wake ni panya waliopona. Habari yenyewe huwa na aya nne au tano. Haisemi panya hao walikuwa wa namna gani, uvimbe ulikuwa sehemu gani ya utumbo, wala dawa ilianza kutolewa lini. Huku Kigoma habari ya namna hiyo haiishii gazetini. Husomwa kwa sauti vijiweni Mwanga na Ujiji, hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya simu, na kesho yake mtu yuko duka la dawa anaulizia. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini hayo yanayoachwa ndiyo habari yenyewe.

Panya anayetumika sana kwenye tafiti hizi anaitwa Min. Alipatikana Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, katika maabara ya William Dove, na Amy Moser na wenzake wakamtangaza mwaka 1990. Panya walikuwa wamepewa ENU, kemikali inayoharibu jeni bila kuchagua, kisha vizazi vyao vikachunguzwa. Katika ukoo mmoja panya waliofikia utu uzima walikuwa wakiishiwa damu. Walipopasuliwa, utumbo wao ulikuwa umejaa vivimbe. Mwaka 1992 hitilafu ikajulikana: ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya Apc, katika kodoni ya 850 (kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja), ikageuka alama ya kukomea. Protini ya Apc kwa kawaida ina asidi amino zaidi ya 2,800. Ya panya hawa hukatika kabla hata ya theluthi moja. Jeni hii kwa panya iko kwenye kromosomu ya 18, na kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 5, ambako ilitambuliwa mwaka 1991 kwa kuchunguza familia zinazorithi vivimbe mamia kwa maelfu vya utumbo mpana. Saratani nyingi za utumbo mpana kwa watu wasio na urithi huo, karibu 8 kati ya 10, nazo zina hitilafu kwenye jeni hiyohiyo. Kwa hiyo panya huyu ana maana kubwa, na hatuandiki kumdharau.

Ili kuelewa Apc inafanya nini, lazima kuanzia kwenye ukuta wa utumbo. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vinyanyuo vidogo vinavyofyonza chakula, na katikati yake kuna vijishimo. Seli huzaliwa chini kwenye kijishimo, hupanda huku zikibadilika kuwa seli za kazi, na zikifika kileleni hudondoka. Safari yote hiyo kwa panya huchukua siku 3 hadi 5. Seli zilizo chini huendelea kugawanyika kwa sababu ya ishara iitwayo Wnt, ambayo ni kali chini na hafifu kadiri seli inavyopanda.

Ishara hiyo hufanya kazi kupitia protini moja, beta-katenini. Seli huitengeneza beta-katenini muda wote, iwe inahitajika au haihitajiki, na wakati Wnt haipo kundi la protini huikamata na kuiharibu. Ndani ya kundi hilo wamo Apc na aksini wanaoshikilia, na vimeng'enya viwili, CK1 na GSK3, vinavyotia alama. CK1 hupachika fosfeti kwenye serini ya 45 (serini na threonini ni asidi amino, na namba ni nafasi yake kwenye beta-katenini); baada ya hapo tu ndipo GSK3 hupachika kwenye threonini ya 41, kisha serini ya 37 na ya 33. Mpangilio huo ukikamilika, beta-katenini hufungwa lebo ya yubikwitini na kusagwa. Wnt ikifika kwenye vipokezi vya juu ya seli, kundi husimama, beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini, huungana na protini iitwayo TCF4 na kuwasha jeni za kugawanyika, Myc ikiwa mojawapo ya muhimu zaidi. Ni sawa na pipa lililo chini ya bomba lisilofungwa, lenye tundu chini: ziba tundu, pipa litafurika ingawa bomba halijaongezwa nguvu. Apc ikifa, tundu limezibwa. Seli hudhani Wnt ipo wakati haipo.

Hili halikukisiwa. Mwaka 1998 panya waliozaliwa bila TCF4 walionekana hawana seli zinazogawanyika kwenye utumbo mwembamba, wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mwaka 2007 watafiti walifuta Apc na Myc kwa pamoja kwenye utumbo wa panya wazima: vurugu inayoletwa na kukosa Apc haikutokea, ingawa beta-katenini ilikuwa imejaa kwenye kiini.

Panya wa Min ana nakala moja mbovu na moja nzima, na nakala moja nzima inatosha. Uvimbe huanza seli moja inapopoteza hiyo iliyobaki. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba kromosomu nzima ya 18 hupotea. Baadaye ikaonekana kwamba kwa mbegu nyingi, yaani koo za panya wa maabara, kinachotokea ni kromosomu mbili kubadilishana vipande seli inapogawanyika, na seli moja ya watoto ikaondoka na nakala mbovu mbili. Mwandishi wa habari anapaswa kulijua hili kwa sababu idadi ya vivimbe kwa panya mmoja ni hesabu ya matukio mawili yaliyochanganyika: ni mara ngapi nakala nzima imepotea, na ni vivimbe vingapi vilivyoanza ndivyo vikakua hadi kuonekana. Dawa inaweza kupunguza namba hiyo kwa kugusa la pili tu, bila kuzuia chochote kuanza.

Tena si kila seli iliyopoteza Apc huleta uvimbe. Mwaka 2009 kikundi cha Hans Clevers huko Uholanzi kilionyesha tofauti hiyo waziwazi. Walipofuta Apc kwenye seli shina zilizo chini kabisa ya kijishimo, zile zenye alama ya Lgr5, vivimbe vilikua na kuonekana kwa macho ndani ya wiki 3 hadi 5. Walipoifuta kwenye seli zilizokwisha kuanza kupanda, vivimbe vidogo vilianza vikadumaa. Hata wiki nyingi baadaye vikubwa vilikuwa adimu. Seli inayopanda ina siku chache tu kabla ya kudondoka, na hitilafu yake hudondoka nayo.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa kuliko yote. Vivimbe vya Min karibu vyote ni adenoma, yaani vinyama ambavyo havijawa saratani. Havipenyi misuli ya utumbo wala havisambai kwenye ini. Panya mwenyewe hafikii huko: hufa akiwa na umri wa takriban miezi 4 au 5 kwa kutoka damu kidogokidogo au kwa utumbo kuziba. Anayewatunza huona dalili mapema, nyayo na masikio yanapauka, manyoya yanasimama, mgongo unajikunja. Tena vivimbe hivyo viko zaidi utumbo mwembamba, wakati saratani yetu binadamu hutokea zaidi utumbo mpana. Kwa hiyo sentensi "dawa imeponya saratani ya utumbo mpana kwa panya", kama panya ni Min peke yake, ina makosa mawili.

Ili adenoma iwe saratani, njia nyingine lazima ziharibike. Mwaka 1998 kikundi cha Makoto Taketo huko Japani kiliunganisha hitilafu ya Apc na ya Smad4 kwenye panya mmoja. Smad4 hupeleka ishara ya TGF-beta, ambayo huiambia seli ipunguze kasi. Vivimbe vya panya hao viliendelea hadi kupenya ukuta wa utumbo. Kras, jeni inayochochea seli kugawanyika, ikibadilika yenyewe peke yake huzidisha tu seli za ukuta. Ikikutana na Apc iliyokufa uvimbe hukua kwa kasi na kuwa mkali. P53, jeni inayosimamisha seli zilizoharibika, kwa kawaida huharibika mwishoni. Habari ikisema panya walikuwa na Apc, Kras na p53 zote zimeharibiwa, hiyo ni habari nzito zaidi, na msomaji ana haki ya kuambiwa.

Kuhusu hesabu yenyewe, hapa ndipo tafiti nyingi dhaifu huvunjikia. Utumbo mwembamba wa panya una urefu wa sentimita 35 hivi. Hukatwa vipande vitatu sawa, na utumbo mpana huwekwa peke yake, kwa sababu wingi wa vivimbe hutofautiana kutoka kipande hadi kipande na kuvichanganya huficha mabadiliko. Kila kipande husafishwa kwa bomba la sindano yenye ncha butu na maji ya chumvi baridi yenye bafa, mara tu panya anapokufa. Ukichelewa hata dakika chache, ukuta wa ndani huanza kujimeng'enya na vivimbe vidogo hupotea. Kisha hupasuliwa kwa urefu kwa mkasi wenye ncha ya mviringo, hulazwa upande wa ndani ukitazama juu kati ya karatasi mbili za kunyonya maji, na kuwekwa kwenye formalini ya asilimia 10 usiku kucha. Wengine hupaka methilini bluu ya asilimia 0.2 kabla ya kuangalia kwa darubini ya kukuza mara 10. Asiyezoea atahesabu vipande vya Peyer, vituo vya kinga vilivyo upande wa pili na pale utumbo unaposhikwa na utando wake, akidhani ni uvimbe. Na anayehesabu hapaswi kujua panya yupi alipewa dawa. Akijua, kivimbe cha nusu milimita kitahesabiwa kwa panya mmoja na kurukwa kwa mwingine, na wala hatakuwa amekusudia.

Mbegu ya panya nayo ni jambo zito. Kwenye mbegu ya C57BL/6J mtoto wa Min hupata vivimbe 30 au zaidi. Ukimzalisha na mbegu ya AKR, watoto wenye hitilafu ileile ya Apc hupata wastani wa karibu 6. Sehemu ya tofauti hiyo iligunduliwa mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 4, ikaitwa Mom1. Jeni inayohusika zaidi ni Pla2g2a, ambayo kwa C57BL/6J imekufa. Maabara inayochanganya mbegu bila kukusudia inaweza kupata "tiba" ya asilimia 80 bila dawa yoyote. Kwa hiyo panya wa kulinganisha lazima wawe ndugu wa uzao mmoja, wa umri mmoja, kwenye chakula kimoja. Mafuta mengi kwenye chakula huongeza vivimbe, njaa huvipunguza. Hilo la njaa husahaulika sana: dawa chungu inayomfanya panya asile itapunguza vivimbe, na sifa itapewa dawa. Ripoti isiyoonyesha uzito wa panya wiki kwa wiki hatuiamini.

Kuna panya wa aina nyingine, wasio na hitilafu ya kurithi. Hupigwa sindano moja ya azoksimethani, kemikali inayosababisha saratani, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kisha hunyweshwa maji yenye DSS ya asilimia 2 hadi 2.5 kwa siku 5 hadi 7, hupumzishwa wiki mbili hivi, na mzunguko hurudiwa hadi mara tatu. DSS ni kemikali inayochubua utumbo mpana na kuuletea inflamesheni. Baada ya takriban miezi mitatu adenoma huonekana sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Wengi wa panya hao Apc yao ni nzima. Kilichoharibika ni beta-katenini yenyewe, palepale penye serini ya 33 na 37 na threonini ya 41, hivyo alama ya fosfeti haina mahali pa kukaa. Mlango ni tofauti, njia ni ileile. Lakini dawa inayotuliza mchubuko itaonekana kuzuia vivimbe kwa panya hawa, na huenda isifanye lolote kwa mtu ambaye uvimbe wake haukuanzia kwenye mchubuko.

Swali la lini dawa ilianza linajibiwa kwa umri wa panya. Wakipewa tangu wiki ya 4 au 5, mara baada ya kuachishwa kunyonya, huo ni utafiti wa kinga. Mgonjwa anayefika hospitali hana nafasi ya kurudi wiki ya 5.

Na kipimo cha dawa hakikokotolewi kwa kuzidisha uzito tu. Kanuni inayotumika sana ya kukadiria ni kugawanya miligramu kwa kilo za panya kwa 12.3. Miligramu 100 kwa kilo kwa panya ni takriban miligramu 8 kwa kilo kwa mtu; kwa mtu wa kilo 60 ni karibu miligramu 490. Anayezidisha 100 kwa 60 anapata 6,000, mara kumi na mbili ya hapo. Tunaandika hili kwa uchungu, kwa kuwa gazeti likitaja kipimo cha panya bila maelezo, wapo watakaokokotoa hivyo.

Mfano mmoja unaonyesha umbali kati ya panya na mtu. Mwaka 1996 kikundi hichohicho cha Taketo kilitumia panya wa Apc wenye vivimbe vingi mno, wastani wa 652 kwa panya. Walipofuta nakala moja ya jeni inayotengeneza kimeng'enya COX-2, wastani ukashuka hadi 224. Walipofuta zote mbili, 93. COX-2 hutengeneza prostaglandini, zinazokisaidia kivimbe kukua na kuvuta mishipa ya damu. Punguzo hilo ni zaidi ya asilimia 85. Mwaka 2000 watu wenye ugonjwa wa kurithi wa vivimbe walipewa selekoksibu, dawa inayozuia COX-2, miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa miezi sita: vivimbe vilipungua kwa asilimia 28. Ni mafanikio ya kweli. Lakini mwaka 2005 majaribio makubwa zaidi yakaonyesha kwamba dawa hiyo ikitumika muda mrefu kwa vipimo hivyo huongeza hatari ya moyo na kiharusi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinazopatikana kwenye maduka yetu, ni za ukoo huohuo wa kazi, na zikimezwa ovyo huchoma tumbo hadi kutoa damu. Mtu asianze kuzimeza kila siku kwa sababu ya panya.

Utafiti unaotutia moyo kuliko yote ni wa mwaka 2015, wa Lukas Dow na wenzake Marekani. Walitengeneza panya ambao Apc yao inaweza kuzimwa na kuwashwa tena kwa dawa ya doksisiklini. Waliizima, vivimbe vikaota utumbo mpana. Walipoiacha Apc irudi, seli ziliacha kugawanyika, zikakomaa, na ndani ya wiki mbili hivi vivimbe vikaanza kutoweka, hata kwa panya waliokuwa na Kras na p53 zilizoharibika. Maana yake uvimbe uliokwisha kuwa mkali bado unategemea ile hitilafu ya kwanza. Ila tuseme wazi, doksisiklini hapo ilikuwa swichi ya jeni iliyopandikizwa maabara. Doksisiklini ya duka la dawa haiwezi kumrudishia mtu Apc yake, na dawa ya kuirudisha haijapatikana.

Kwa hiyo, Mhariri, habari ya panya ikifika mezani kwako, tunaomba mwandishi aseme panya ni wa aina gani na jeni zipi zimeharibiwa, kama ni adenoma au saratani iliyopenya, kama iko utumbo mwembamba au mpana, dawa ilianza kabla ya uvimbe au baada, na uzito wa panya ulikwendaje. Ni aya moja tu. Kama ripoti ya watafiti haina majibu hayo, heri isichapwe.

Na nafasi itakayobaki itumike kwa jambo la hapa kwetu. Damu kwenye choo mwambao huu wa Tanganyika huitwa bawasiri, amiba au kichocho, na upungufu wa damu huambiwa ni malaria. Mara nyingi ni kweli, kichocho cha tumbo kipo ziwani. Choo kipimwe na kinachoonekana kitibiwe. Kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo. Lakini damu ikiendelea baada ya tiba, au choo kikibadilika na kuwa chembamba kwa wiki kadhaa, au mtu mzima akiishiwa damu bila sababu inayojulikana, aende hospitali ya rufaa ya mkoa ya Maweni na aulize kuhusu kipimo cha kamera ya utumbo mpana, hata kama itabidi apewe rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Familia ambayo mzazi alikuwa na vivimbe vingi vya utumbo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi Apc mbovu, na uchunguzi wa kamera huanza kati ya umri wa miaka 10 na 15, kabla ya dalili yoyote. Tungefurahi kuona hayo yakichapwa kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha habari ya panya.

Wasomaji wenu,
walimu wa baiolojia na wataalamu wa maabara,
Kigoma Ujiji